Mguu Mmoja wa Buti, Mguu Mmoja wa Tairi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Umoja wa Walenga Shabaha wa Handeni na Korogwe, Mzee Ponsiano, shikamoo. Mama Hilaria, mfadhili wetu kutoka Masuguru, Korogwe mjini, ambaye buti zake jozi ishirini na nne zimepangwa hapo mezani na zinanitazama. Waheshimiwa wajumbe wa kamati. Ndugu Joseph, mwamuzi wa mstari. Walengaji wa Handeni, walengaji wa Korogwe, wazazi mliokuja kwa miguu na mliokuja kwa pikipiki, na nyinyi mliokaa kwenye tuta huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha: nawasalimu wote, kila mmoja kwa heshima yake. Na ambaye heshima yake imerukwa asinichukie mimi, orodha nimeandikiwa na katibu.

Jina langu ni Mikaeli. Nashona viatu Kabuku, kando ya barabara kuu, pale mabasi yanaposimama watu wanunue mahindi ya kuchoma. Sikusomea kazi hii popote. Nimejifunza kwa kuangalia miguu ya watu, na baada ya miaka kumi na tisa nakiri kwamba wako wateja wangu ambao nikikutana nao wamelala kitandani, miguu imefunikwa, siwezi kuwatambua.

Sasa juzi nikapokea barua ya katibu wetu, Dada Yusta. Imeandikwa vizuri, ina muhuri, na inasema kwamba mimi, "mtaalamu wa viatu vya shabaha", nimeteuliwa kutoa neno la kuzipokea buti hizi. Nikaisoma mara tatu. Nikamtafuta huyo mtaalamu kila upande wa banda langu, sikumwona. Nikampigia simu Dada Yusta nikamwambia, "Dada, barua ya mtu mwingine imekuja kwangu." Akaniambia, "Fundi, wewe ndiye uliyemtengenezea Nailantei zile katambuga?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Basi mtaalamu ni wewe. Andaa dakika kumi." Akakata.

Ndugu zangu, nimekuja kusimama mbele yenu nikiwa nimechanganyikiwa, na naomba mnipokee hivyo hivyo.

Naona wengi mnacheka, na naona mnachochekea. Ndiyo, ni kweli, mguu wangu wa kulia umevaa buti mpya ya Mama Hilaria, na wa kushoto umevaa katambuga, kiatu cha tairi nilichokikata mwenyewe. Sikuvaa gizani, sikukosea, na sijalewa, mke wangu yule pale ni shahidi. Mtaona pia nimekataa kusimama kwenye zulia. Nimeomba nisimame hapa hapa kwenye udongo, kwenye mteremko, mahali ambapo mlengaji husimama siku ya mashindano, na mvua ya vuli imenyesha alfajiri kama nilivyoomba. Na kabla sijafungua kinywa, Ndugu Joseph amenichorea mstari wa chokaa mbele ya miguu yangu, ule ule anaowachorea walengaji. Miguu yote miwili ilikuwa nyuma ya chokaa kwa upana wa vidole viwili. Ndugu Joseph, ndivyo au sivyo? Ameitikia kwa kichwa. Joseph ameitikia jambo mbele ya watu! Tunzeni kumbukumbu.

Sababu yake mtaijua. Kwanza nitimize niliyoagizwa.

Mama Hilaria, buti zako ni nzuri. Nasema hivyo kwa uchungu wa mtu wa fani. Wiki nzima nimekaa na jozi moja bandani nikitafuta kasoro, kwa sababu fundi asipoona kasoro kwenye kiatu cha dukani hana sababu ya kuamka asubuhi. Nimevuta uzi, haukutoka. Nimekunja ngozi, haikupasuka. Nimezisimamisha kwenye beseni la maji usiku kucha na soksi ndani, nikaamka nikakuta soksi kavu. Nani kati yetu amewahi kuona hivyo? Nani kati ya walengaji hawa, ambao mwaka jana walivaa buti za kuazimana, jozi mbili kwa watu watatu, alitegemea kwamba siku moja mtu atatoka mjini Korogwe, bila kuombwa, bila kutafuta kura, akawaletea kila mmoja jozi yake na namba yake? Mama, Mungu akulipe. Makofi kwa Mama Hilaria, tafadhali, na yasiwe ya uvivu.

Asanteni. Sasa niingie kwenye matope.

Mwezi wa tano mwaka huu, wakati wa masika, walikuwa wamesimama hapa hapa Makuyuni walengaji wa pande zote mbili. Kwa mgeni ambaye hajui mchezo wetu: kuna risasi kumi. Unapiga ukiwa umelala, unapiga ukiwa umepiga goti, na za mwisho nne unapiga ukiwa umesimama. Mguu ukivuka chokaa umetolewa siku hiyo, hata kama risasi imeingia katikati ya ubao. Ukivuka mara mbili katika msimu mmoja, unaondolewa kwenye timu. Kanuni hiyo ni kali na ni nzuri, kwa sababu mtu mwenye bunduki asiyejua miguu yake iko wapi anapaswa kuogopwa.

Alisimama Nailantei, binti wa Mzee Leboo, kutoka kule nyikani Handeni, anayekaa pale na shuka la bluu. Alikuwa amevaa buti za kuazima namba tisa, wakati mguu wake ni wa namba sita. Alikuwa amejaza soksi za kaka zake mpaka buti ikawa na watu wengi kuliko basi la mnada. Risasi saba za kwanza zote ndani. Ya nane, ndani. Ya tisa, ndani, na kabla mwangwi haujarudi kutoka ng'ambo, Joseph akainua bendera. Mguu wa kushoto ulikuwa umevuka, nusu ya unyayo.

Mnakumbuka kilichofuata? Mimi nakumbuka, kwa sababu nilikuwa nimekaa pale kwenye tuta, kwa wasio na viti. Mjumbe mmoja wa kamati, simtaji, akamuuliza, "Binti, hukuhisi mguu ukienda?"

Akajibu, "Sikuhisi."

Watu wakacheka. Kuna aliyesema, "Mguu wako mwenyewe?" Kuna aliyesema, "Labda ulikuwa umetumwa." Na mjumbe akasema kwa sauti ya kuandikwa kwenye muhtasari kwamba mlengaji amekosa kusema ukweli. Nailantei aliweka bunduki chini, mdomo wake ukielekea kwenye ubao, kama anavyotakiwa, akavua zile buti, akashuka mlimani pekupeku. Nami nikaona nyayo zake kwenye udongo. Hazikuteleza hata moja.

Hilo ndilo lililonifanya nimfuate. Nilimkuta na baba yake barabarani wakisubiri gari. Nikajitambulisha. Nikamwambia mzee, "Shikamoo mzee. Nataka kumtengenezea binti yako viatu vya kupigia shabaha."

Mzee Leboo akanitazama toka juu mpaka chini, akaishia kwenye viatu vyangu mwenyewe, ambavyo siku hiyo vilikuwa vimeachama. Akasema, "Wewe?"

Nikasema, "Mzee, mganga hajigangi."

Akasema, "Ng'ombe wangu mia wanapanda mlima huu, hakuna aliyechaguliwa kwato. Lakini binti atanyimwa usingizi na jambo hili. Mtengenezee."

Nikapima mguu wa Nailantei palepale, kwa kijiti. Na hapa ngoja niseme jambo moja ninalolijua kwa hakika, maana ni machache. Mguu usipimwe asubuhi. Upimwe jioni, ukiwa umeshatembea na kuvimba, na mtu asimame, asikae, kwa sababu mguu uliokaa ni mpole na mguu uliosimama ndio wenye kudai nafasi. Kidole kikifinywa, pumzi inakatika, pumzi ikikatika bunduki inatikisika, na mlengaji atakwenda kulalamikia macho kumbe anayemwonea ni kidole gumba. Na kiatu kikiwa kipana, mguu unatembea ndani yake wakati kiatu kimesimama, ndipo mtu anaposema hakuhisi. Tena mlengaji anapopiga goti, vidole vya mguu wa nyuma vinakunjwa kabisa. Soli isiyokunjika pale itamwinua kisigino, naye atapiga mawingu.

Mpaka hapo nilikuwa fundi. Kuanzia hapa mimi ni mtu aliyebahatika, na naomba tuelewane kuhusu tofauti hiyo.

Nilichukua tairi la nyuma la pikipiki ya Tumaini, dereva wa bodaboda wa pale Kabuku ambaye pia ni mlengaji wa timu yetu. Nikakata soli mbili. Na mimi, katika miaka yangu kumi na tisa, nimekuwa nikikata soli kama mama anavyopanga samaki kwenye kikaango: mmoja kichwa huku, mwenzake kichwa kule. Zinalala vizuri, tairi halipotei. Sijawahi kufikiri zaidi ya hapo. Nikafunga mikanda miwili mbele na mmoja wa kisigino, Nailantei akavaa, akaenda kwenye mechi ya marudiano ya Handeni mwezi wa nane. Ilinyesha siku hiyo, mvua isiyo ya msimu wake, uwanja ukawa uji. Risasi kumi. Kumi ndani. Mguu haukusogea hata upana wa punje ya mtama. Joseph alipiga magoti akautazama ule mstari kwa muda mrefu mpaka watu wakadhani anasali.

Kesho yake bandani kwangu kulikuwa na foleni. Kila mlengaji anataka "kama za Nailantei". Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipoharibu. Nikajiambia, Mikaeli, sasa wewe ni mtu wa kuheshimiwa, huwezi kuwauzia watu viatu vilivyokatwa kama samaki. Nikakata jozi ya kwanza kwa adabu zote, soli zote mbili kichwa upande mmoja, michoro yote imeelekea mbele, zimefanana kama pacha. Nikampa Tumaini, kwa heshima ya tairi lake. Akaja kujaribu hapa mlimani.

Jioni alirudi bandani, matope mpaka mgongoni. Akavitupa mezani. "Mjomba, umenipa sabuni."

Nikamwambia, "Mwanangu, hizo ni bora kuliko za Nailantei."

"Bora kwa nani? Kwa kufulia?"

"Labda hukusimama vizuri."

"Nilisimama vizuri nikiwa juu. Nikasimama vizuri tena nikiwa chini. Hapo katikati ndipo sikushirikishwa."

Siku nne sikulala vizuri. Tairi moja, kisu kimoja, fundi mmoja, mlima mmoja. Jozi mbovu inashika, jozi nzuri inateleza. Nimwulize nani? Vitabu vya kazi yangu havipo, na kama vipo havijafika Kabuku. Siku ya tano Tumaini akaja kuchukua tairi lililobaki, akaligeuza ubavu, akanionyesha mshale. Mshale! Umechorwa pale ubavuni na kiwanda, unaonyesha upande ambao tairi linatakiwa kuzunguka. Akasema, "Mjomba, tairi lina mbele na lina nyuma. Ukilifunga kinyume, kwenye tope halishiki. Kila mtoto wa bodaboda anajua."

Miaka kumi na tisa nimekata matairi. Mshale nilikuwa nauona. Nilidhani ni urembo.

Basi nikakaa chini nikawaza hivi, na mnisahihishe. Mlengaji anaposimama hapa, mguu wa mbele unavutwa na mteremko kwenda chini, na wa nyuma unasukumwa na teke la bunduki kurudi juu. Mguu mmoja unataka kuzuiwa usiende, mwingine unataka kuzuiwa usirudi. Viatu vya samaki vilikuwa na meno yanayotazama pande mbili. Viatu vya adabu vilikuwa na meno ya upande mmoja, mguu mmoja ukashika, mwingine ukaaga. Nadhani ndivyo. Lakini nimejaribu jozi zile zile kwenye changarawe kavu kule nyikani, na huko hakukuwa na tofauti yoyote, sabuni na samaki vilishika sawa. Kwa hiyo sijui. Mnaniita mtaalamu, na utaalamu wangu wote ni huu: kiatu hakina jibu mpaka udongo uulizwe.

Sasa narudi mezani, kwenye hizi buti.

Sote tunajua ustaarabu wetu. Mtu akikupa nguo, unaivaa mbele yake, ajue imepokelewa. Ukiikunja ukaiweka sandukuni, umemtukana. Kamati yetu ina adabu, na kwa adabu hiyo imeandika kanuni mpya, ya saba, ambayo Mwenyekiti ataitia saini leo nikimaliza kusema. Nainukuu: "Mlengaji asiyevaa buti zilizotolewa na Umoja hatasimama mstarini." Nimeielewa nia yake. Ni shukrani. Ila ni shukrani iliyovaa sare na kushika rungu.

Mama Hilaria, nyanyua buti moja hapo mezani uigeuze. Umeiona soli? Imechorwa vizuri, vimistari vyembamba, kama kitambaa. Hii ni soli ya sakafu, ya gwaride kwenye saruji, ya mlinzi wa benki. Udongo huu mwekundu unaingia kwenye vile vimistari kwa hatua tatu, na kuanzia hatua ya nne mtu hajavaa soli tena, amevaa udongo juu ya udongo. Jumamosi iliyopita Nailantei alizijaribu hapa, namba sita, saizi yake kamili, bila soksi za kaka. Mimi nilikuwepo, na Joseph alikuwepo. Kati ya risasi kumi za kuigiza, mguu ulivuka mara mbili.

Nailantei ameshavuka mara moja msimu huu. Mashindano ya kanda ni Jumamosi ijayo, hapa hapa, na mnaona mawingu yale. Kanuni ikitiwa saini kama ilivyo, binti huyu ana njia mbili: avae buti avuke, aondolewe kwenye timu, au avae katambuga zake, asisimame kabisa. Na kwa hakika atavaa buti. Mnajua kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu jana nilimwuliza. Akaniambia, "Mama wa watu ametoa kwa moyo. Siwezi kumvulia mbele ya watu." Mlengaji bora wa wilaya mbili yuko tayari kutolewa ili asikuvunjie heshima, Mama. Nawe, nina hakika, ungeshona kinywa changu kwa uzi wa buti zako kabla ya kukubali atolewe kwa ajili yako. Watu wote hapa wana adabu, na adabu hiyo inakwenda kumwangusha mtu.

Simwombi kila mtu avae tairi. Mungu apishe mbali, nitapata wapi matairi? Wako watakaosimama vizuri na buti hizi kwenye uwanja mkavu, na kwenye gwaride la ufunguzi nataka kuona jozi zote ishirini na nne zimevaliwa, zinang'aa, Mama Hilaria akizihesabu. Ninaloomba ni maneno machache tu yabadilishwe. Badala ya buti za Umoja, iandikwe: kiatu kilichojaribiwa mstarini, kwenye udongo wa siku hiyo, mbele ya mwamuzi.

Naona Mzee Ponsiano ameshafungua kalamu. Mzee, subiri kidogo, tafadhali. Sijui unataka kuandika nini, na mimi pia bado sijui. Nimesema hapa muda wa kutosha kuchosha watu, na kwa makusudi sijatazama chini hata mara moja. Nimewatazama nyinyi. Mtu anayelenga hatazami miguu.

Ndugu Joseph, njoo usome mstari. Usinionee huruma, hujawahi kumwonea mtu.

Amepiga magoti.

Mguu wa kushoto, wa tairi? ... Uko nyuma ya chokaa. Vidole viwili, kama ulivyoacha.

Wa kulia, wa buti? ... Sema kwa sauti, Ndugu Joseph, wale wa kwenye tuta wasikie.

"Umevuka, fundi. Nusu ya unyayo."

Mmesikia. Na bunduki sikushika, teke sikupigwa, nilikuwa nimesimama tu nikiongea. Naona mjumbe wetu wa mwezi wa tano amenyoosha mkono, ana swali. Karibu, mheshimiwa. Anauliza kama sikuhisi mguu ukienda.

Sikuhisi.

Nailantei, mwanangu, simama wakuone. Hakuna anayecheka.

Mama Hilaria naye amesimama. Anataka kusema. Anasema, "Mzee Ponsiano, andika alivyosema fundi. Na buti zote nitampelekea azikate meno kwenye soli." Mama, nitazikata, ila kwanza unionyeshe mshale uko wapi.

Kwa mujibu wa kanuni zetu, aliyevuka chokaa haruhusiwi kupiga hata moja zaidi, nami sitaongeza neno. Nawashukuru wote kwa kunisikiliza mpaka hapa nilipotelezea. Asanteni sana, na atakayenisaidia kupanda kurudi kwenye zulia anishike upande wa kulia.